Barafu Alipokunja Miguu

Kabla hajasimulia, Mzee Ndesario huvua kofia akakiri kwanza. Asubuhi ile pia alikiri, watu wakiwa wameketi na majembe kando ya mfongo, ule mfereji wa ukoo wao, uliokuwa umejaa tope tena.

"Ndugu zangu, ujanani nilirina asali huko juu mlimani nikaondoka bila kuzima moto. Vichaka vikateketea mpaka kwenye mawe. Kanisani nimetubu, lakini kwenu bado."

"Mzee, kila mwaka unatubu," Mama Aikande akamtania. "Leo tubu huku unachimba!"

Wakacheka. Naye akaanza.

Zamani hizo Barafu alikaa kileleni, miguu ameinyosha mpaka msituni. Mungu alimwekea udongo chini ya mapaja akamwambia, "Ukalie huu, bado haujajua kusimama." Basi maji yalishuka maangavu, na hakuna aliyejua kuzoa tope.

Kirita ndiye aliyekuwa mlinzi wa mfongo. Ukaja ukame, ulezi wa mkewe ukaanza kunyauka, na zamu yao ya maji ilikuwa bado siku nne. Kuiba zamu ya jirani aliona aibu. Akaona heri amwibie Barafu, ambaye hana wa kumshtakia. Akapanda na mzigo wa kuni, akakoka moto kwenye nyayo zake.

Barafu hakupiga kelele. Alikunja miguu tu. Maji yakaja mengi, Kirita akayafuata mbio huku akishangilia. Lakini kule nyuma udongo ulibaki wazi, haujawahi kushikwa na mzizi hata mmoja. Mvua ya kwanza ilipougusa, ukaporomoka na mawe yake, ukajaza mfongo, ukapita shambani, ukaifunika nyumba, mkewe akiwa ndani ananyonyesha. Kirita alichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Hakuwapata.

Na tangu siku hiyo Barafu hajanyosha miguu tena, na kila akizidi kuikunja udongo mwingine hubaki wazi. Ndiyo maana mto hushuka na tope, na siku ya kuzibua mfongo kila nyumba hutoa mtu, hata yenye msiba.

Mzee akairudisha kofia kichwani. Masika yaliyofuata moto wake, tope lilimchukua mdogo wake, Elinisafi, ndani ya mfongo huuhuu, asionekane tena. Wote walijua. Mama Aikande akamwokotea jembe, safari hii bila utani.

"Nawaomba jambo moja," Mzee akasema. "Mkifika kwenye ile kona ya chini, chimbeni polepole."