Gari Lililoingia Harusini na Vumbi

Akina baba wenye magari, msijifiche nyuma ya nguzo. Leo neno langu linaanzia gereji, na naona mmeshaanza kutazamana. Akina mama nanyi msicheke mapema, zamu yenu inakuja.

Kulikuwa na baba mmoja, mtu wa mlimani kama sisi, mwenye gari jeupe. Sisemi lilikuwa jipya. Lilikuwa limeshakula chumvi nyingi, lakini kwa gari hilo alimkimbiza mkewe hospitali siku binti yao wa pekee alipozaliwa, na kwa gari hilo hilo alimpeleka binti huyo shule ya bweni. Binti akakua, akachumbiwa na kijana wa mji wa chini. Wazee walipokaa kupanga harusi, baba yule alisema jambo moja tu, kwamba atamteremsha mwanawe mwenyewe. Mnaijua fahari ya baba siku hiyo? Amelea, amesomesha, sasa anataka watu wamwone ameshika usukani na binti yake amekaa nyuma na shela lake. Mimi simlaumu. Fahari ya namna hiyo ni nzuri, na baba asiye nayo nina mashaka naye.

Shida ilikuwa breki. Gari likienda lilitulia kabisa, ungeweza kulala. Akikanyaga breki tu, usukani unatetemeka mikononi na pedali inampigapiga unyayo. Siku moja alikuwa na mkewe, wamemaliza mteremko, wanaingia barabara kuu ya malori. Akakanyaga breki kupisha lori. Gari lilisimama, lakini lilitetemeka hivi kwamba mama yule alishika dashibodi kwa mikono miwili, na hakuiachia mpaka waliporudi nyumbani. Walipofika akasema maneno ambayo mumewe hakutegemea kuyasikia: "Mwanangu hatateremka mlima kwenye gari lenye homa. Wakwe wana gari, walilete."

Mmesikia hilo? Wakwe walete gari. Yaani siku anayomtoa mwanawe, baba akae kiti cha mgeni kwenye gari la watu.

Akaenda kwa fundi. Fundi naye alikuwa mtu wa kujisifu, na alikuwa na haki ya kujisifu, maana kazi yake aliijua. Akamwambia mtetemo ukija wakati wa breki tu, tena ukafika kwenye usukani, usihangaike kutafuta mbali, anza na diski za mbele. Diski ni ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na pedi mbili huibana ili gari lisimame. Ikiwa imelika sawasawa, inabanwa kimya. Ikiwa nene hapa na nyembamba pale, pedi zinapanda na kushuka kila inapozunguka, na dereva anapata salamu zake mikononi.

Fundi akafungua magurudumu. Akapiga msasa kutu yote mahali diski inapokalia, kwa sababu kutu kidogo tu huifanya ikae upande. Diski zenyewe akazipeleka kuchongwa kwenye mashine, ya kulia na ya kushoto, maana huwezi kutengeneza moja ukaacha mwenzake. Aliporudisha magurudumu hakukaza nati moja mpaka mwisho ndipo aende nyingine. Alikaza hii kidogo, akaenda ya upande wa pili kidogo, akarudi, mpaka zote zikashika kwa nguvu moja. Baba akajaribu breki, kimya. Akarudi nyumbani anapiga honi tangu kona ya kwanza, na mkewe akajifanya hasikii.

Baada ya wiki chache mtetemo ukarudi. Fundi akachonga tena, ukarudi tena. Diski zikakonda hata hazichongeki, wakafunga mpya, nazo zikaanza mtindo ule ule. Harusi inakaribia, mama ameshatuma salamu kwa wakwe walete gari lao, na huku sokoni watu wanasema fundi yule ameishiwa. Fundi mwenye jina lake ukimgusa hapo umemgusa jicho. Akafunga gereji, akaingia kwenye gari, akamwambia yule baba aendeshe kama anavyoendesha siku zote, yeye atakaa kimya.

Sasa niwaambie desturi ya watu wa mlima ule. Barabara yao ni ya vumbi jekundu, na watu wa mji wa chini wana utani wao. Wakiona gari limeshuka na vumbi, wanauliza limetoka kulima shamba gani. Kwa hiyo pale mlima unapoishia, penye kijito, kila dereva wa mlimani husimama, hutoa ndoo kwenye buti, huosha gari mpaka magurudumu, ndipo aingie mjini linang'aa. Baba zao walifanya hivyo, na wao wanaona fahari kufanya hivyo. Watu wa mlimani hatutaki kuchekwa. Au nasema uongo?

Basi yule baba akafika kijitoni, akasimama, akachota maji, akayamwaga kwenye gurudumu la mbele. Likalia kama mafuta ya moto yanapotiwa kitunguu kibichi, mvuke ukapanda. Akainama achote ndoo nyingine. Fundi akamshika mkono.

"Mzee, hivi ndivyo unavyofanya kila ukishuka?"

"Kila mtu wa mlimani anafanya hivi."

"Basi ndiyo maana kila gari la mlimani linaletwa kwangu likitetemeka."

Akamkalisha kwenye jiwe, akamweleza. Mama zangu, ninyi mnalijua hili kuliko madereva. Ukitoa kikaango motoni ukakitumbukiza kwenye maji baridi, kitako kinapinda, na tangu siku hiyo hakikai jikoni sawasawa. Diski inayotoka kwenye mteremko mrefu ni kikaango kilichotoka motoni. Palipopata maji panasinyaa ghafla, kwingine bado kuna moto, na hapo unyoofu umekwisha. Ukiondoka, pedi zinaanza kuila upande. Dawa yake ni kushuka kwa gia nzito, ili breki zisibebe mlima wote peke yake, na ukifika chini uache vyuma vipoe kwa upepo.

"Ukiwa na nafasi ya kungoja vipoe, osha mpaka ujione kama kwenye kioo," fundi alimwambia. "Siku huna nafasi, ingia na vumbi lako."

Diski zikatengenezwa kwa mara nyingine. Mama yule akapelekwa kuzijaribu, akaguna, akakubali. Harusi ikafika.

Ilikuwa kiangazi, na vumbi la kiangazi mnalijua. Gari jeupe lilifika chini likiwa na rangi ya tofali. Baba ameshuka kwa gia namba mbili, mkewe pembeni, binti nyuma. Kijitoni wakawakuta mashangazi wa bwana harusi wamejipanga na ndoo, maua na riboni, wanapiga vigelegele. Magari yote ya msafara yaliyotangulia yamesimama, yanaoshwa. Huko kanisani ibada inangoja, hakuna muda wa kupoza chuma chochote. Na unajua nani alisema simama? Ni yule yule mama aliyeshika dashibodi.

"Baba, simama tuoshe. Utamwingiza mwanangu kanisani hivi? Watatucheka mpaka kwenye ubatizo wa wajukuu."

Mguu wa yule baba ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye breki, maana mazoea yana tabu. Akamtazama binti yake kwenye kioo. Binti naye alikuwa msichana wa mlimani, hakutaka kuchekwa siku ya harusi yake. Lakini alimwona mama yake siku ile aliporudi nyumbani bila rangi usoni. Akasema, "Baba, nipeleke." Baba akapiga honi, akawapungia mashangazi mkono, akapita.

Wakafika barabara kuu. Lori linakuja. Akakanyaga breki, na usukani ukatulia mikononi mwake, gari likasimama bila hata shela kutikisika. Mama akatengeneza kitambaa chake kichwani, akakaa kama malkia. Mjini walichekwa, sitawadanganya. Watu walitoka madukani kuja kuona bibi harusi ndani ya tofali. Yule baba akaendesha katikati yao taratibu, kifua mbele, na sidhani kama tangu aanze kuendesha aliwahi kuingia mji ule kwa fahari namna ile.

Mlangoni mwa kanisa alisimama baba wa bwana harusi, suti nyeusi, viatu vinang'aa. Akalitazama gari mbele, akalitazama nyuma, akauliza kwa utani wenye sumu ndani yake, "Mkwe, kijito kimekauka?"

"Maji yapo tele, mkwe," alijibu yule baba, akamfungulia binti yake mlango. "Nimekuletea mwanangu. Gari nitaliosha likipoa."

Naona mnapiga makofi. Msipige bado, sijafika kwenu.

Mnapiga makofi kwa sababu mnadhani sisi ndio yule baba. Tungekuwa yeye, ningefunga Biblia hapa twende nyumbani. Ndugu zangu, sisi ndio wale waliobaki kijitoni na ndoo.

Nani hapa hakuja asubuhi hii akitoka kwenye moto? Mume na mke mmegombana tangu mlango wa nyumba mpaka kwenye kona ya shule. Mlipoona geti la kanisa mkafanya nini? Mkapoa? Mlijimwagia maji. Ukavuta shati, yeye akatengeneza kanga, mkaingia mnatabasamu, na ukiulizwa hali unajibu "salama kabisa." Mnang'aa. Lakini chuma ndani kimeshapinda.

Na hutajua kimepinda, hapo ndipo hatari ilipo. Ukiwa unakwenda tu, umetulia. Unaimba kwaya, unaongoza kamati, hakuna anayeona kitu. Mtetemo unakuja siku unayotakiwa kusimama. Simamisha ulimi. Simamisha mkono. Mtoto amemwaga chai, kikombe kimoja tu cha chai, na nyumba nzima inatikisika. Unashangaa, hasira hii imetoka wapi? Haikutoka kwenye chai. Ilitoka kwenye moto wa mwezi uliopita ulioumwagia maji ili watu wa mji wasikucheke.

Vibaya zaidi, ndoo hiyo tunaibeba kwa ajili ya wengine. Mama amezika mume Alhamisi. Jumapili anakuja hapa, machozi yanamtoka katikati ya wimbo, na sisi tunamzunguka haraka haraka: nyamaza mama, jikaze, Mungu amempenda zaidi, watu wanakutazama. Tunaita hiyo faraja. Tunamsugua mpaka ang'ae, kisha tunamrudisha nyumbani peke yake na moto wake. Akianza kutetemeka mwaka ujao tutauliza imani yake imekwenda wapi.

Mimi najivunia kuwa mchungaji wenu. Nasema wazi, najivuna, sijaona watu wachapakazi na wenye heshima zao kama ninyi. Ndiyo maana sitaki mtu hata mmoja wa kwangu apinde kwa sababu ya kuogopa vumbi. Bwana hakutuita tuje tukiwa tumeoshwa na majirani. Alituita tuje. Kama una moto, kaa nao hapa mbele zake upoe pole pole, hata ukichukua ibada tatu, hata ukichukua kiangazi kizima, na atakayekucheka mwambie aje aonane na mimi.

Tusimame sasa, tuombe. Na kama kuna anayelia, jirani yake asimnyamazishe.