Kishingo na Hodi ya Ukunguni

Paukwa!

— Pakawa!

Kuku wako wapi?

— Bandani!

Na mlango?

— Umefungwa!

Kaufunga nani?

Aa, mmenyamaza. Nilijua tu. Sogeeni basi, na atakayesinzia nitambebesha ndoo kesho.

Hapo kale, juu mlimani, mahali ambapo ukungu hupanda mchana kweupe kama moshi wa kuni mbichi, aliishi mjane mmoja, Bi Semeni. Bi Semeni alikuwa na kuku, na kuku walikuwa na banda. Banda hasa, si haya yenu ya kuunga kwa bati bovu na dua! Liliinuliwa juu ya nguzo. Kuta zake za fito. Sakafuni majivu, ya kufukuza utitiri. Ndani viota vya nyasi kavu, na kila kiota kimetengwa na jirani yake kwa ukuta mfupi wa fito, maana kuku nao wanagombana kama watu.

Na Bi Semeni alikuwa na ujanja wake. Kila akitoa yai kiotani, aliacha jiwe jeupe la mtoni, la mviringo. Kuku akirudi anaona cheupe, anasema, "Yai langu lipo," anakaa, anataga tena. Kila siku yai linaondoka, kila siku jiwe linabaki, kila siku kuku anafurahi. Kuku ni kuku, jamani.

Ila mmoja hakuwa kuku wa hivyo. Alikuwa mdogo, shingo tupu bila unyoya hata mmoja, wakimwita Kishingo. Wenzake walimcheka: "Wewe umeshanyonyolewa tayari, bado kutiwa chumvi!" Kishingo akajikalia zake. Alikuwa anaatamia kwenye kiota cha mwisho kabisa, kwenye kona, na mwenye kuatamia hatoki. Wenzake wakienda kuparura nje, yeye yupo. Bi Semeni akienda shambani bondeni, yeye yupo. Kwa hiyo yaliyotokea aliyaona yeye.

Alianza kupotea mwenzake mmoja, Madoa. Alitoka na ukungu, hakurudi. Bi Semeni akasema, "Kicheche huyo." Basi.

Kesho yake ukungu ukapanda tena. Kibwenzi, yule mwenye kishungi kichwani, aliingia bandani kutaga. Mara nje, sauti:

"Hodi, hodi, mwenzangu. Nje baridi. Nikaribishe."

Ilikuwa sauti ya Madoa. Madoa mwenyewe!

"Ee, shoga yangu!" Kibwenzi akaruka kwa furaha. "Ulikuwa wapi? Karibu, karibu!"

Mlango ukaingia giza. Kikaingia kitu kirefu, kinakuja tu, hakiishi kuja. Sssss. Alikuwa Chatu. Akafungua mdomo. Mlu! Kibwenzi hayupo, na hata sauti ya kulia hakuitoa.

Kishingo kule konani akaganda. Chatu akageuza kichwa polepole akamtazama.

"Wewe hukunikaribisha," akasema. "Mimi nina mwiko wangu. Asiyenikaribisha simli."

"Sikukaribishi," Kishingo akasema.

"Sina haraka," Chatu akasema. "Hayo mayai yako yakianguliwa, vifaranga wataniitikia wao kwa niaba yako. Kifaranga huitikia kila sauti."

Akatoka kinyumenyume. Na alipokuwa anatoka, tumboni mwake mle mlikuwa na kuku wawili wananong'ona: "Koo... koo... kuna giza huku..."

Msishikane namna hiyo, mtavunjana mikono.

Jioni Kishingo akamweleza jogoo. Jogoo alikuwa kuchi, wa aina ile ya wapiganaji, mrefu, ana maneno mengi kuliko manyoya. "Aje kwangu!" akasema. "Nitamkata vipande vipande!" Kesho yake ukungu ulipopanda, sauti ikaja, ya Kibwenzi sasa: "Hodi, hodi, mume wangu. Nje baridi. Nikaribishe."

"Karibu, mke wangu," jogoo akasema, sauti laini.

Mlu!

Na hapa ndipo pabaya. Jogoo yule, kumbe, hakuacha kuwika. Alikuwa humo tumboni, na kila ukungu ukipanda anawika: "Kokorikooo," sauti nzito, ya chini, inapita huku na huku vichakani. Bi Semeni kule bondeni akisikia anasema, "Alhamdulillahi, jogoo wangu mzima." Anaendelea kulima.

Siku moja asubuhi Kishingo akasikia chini ya kifua chake: ko, ko, ko. Mayai yanagongwa kwa ndani. Wanawe wanakuja. Moyo ukampasuka kwa furaha, halafu ukampasuka kwa hofu. Nikiwa na vifaranga, akawaza, mmoja tu akiitika, nimekwisha mimi na wao.

Akainuka haraka, akaruka ukuta. Akaviringisha kwa mdomo jiwe la Kibwenzi, akaliweka nyuma ya ukuta wa kwanza wa fito. Akaviringisha jiwe la Madoa, akaliweka nyuma ya ukuta wa pili, mbele ya kiota chake. Akarudi kuatamia.

Ukungu ukapanda. Ndege wakanyamaza. Sauti ikaja, ya Madoa, ya Kibwenzi, ya jogoo, zote pamoja:

"Hodi, hodi, mwenzetu. Nje baridi. Tukaribishe."

Kishingo akayafunika mayai vizuri kwa mbawa. "Karibu," akasema.

Chatu mwenyewe alishtuka. Akaingia, sssss, ulimi unacheza.

"Leo umejua adabu."

"Nimejua, bwana mkubwa. Ila mgeni hali mwenyeji kabla hajala alichoandaliwa. Yai lako hilo hapo, ng'ambo ya fito."

Chatu akaona cheupe. Kuzunguka juu akaona taabu. Akapenyeza kichwa katikati ya fito. Mlu!

"La pili hilo, mbele kidogo."

Akapenyeza ukuta wa pili. Mlu!

"Sasa wewe," Chatu akasema, akafungua mdomo.

Kishingo hakuweza kukimbia. Mayai yako chini yake. Akafumba macho. Mdomo ukaja, ukaja, ukafika mbele ya kifua chake, ukakomea hapo. Chatu akasukuma. Jiwe la kwanza, tumboni mwake, limekwama kati ya kuta mbili. Akavuta kurudi. Jiwe la pili limekwama ng'ambo ya ukuta wa pili. Fito zikalia kwii, kwii. Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki, kama uzi kwenye ukili wa mkeka. Na mdomo umeachama vilevile, na kutoka kooni humo sauti zinamsemesha Kishingo usoni: "Mwenzetu... tutoe... mwenzetu..."

"Mayai gani haya mazito?" Chatu akauliza.

"Haya ndiyo Bi Semeni anayotudanganyia sisi kila siku," Kishingo akasema. "Nikasema nisiwe mjinga peke yangu."

Jogoo, kwa kubanwa na mawe, akaanza kuwika mfululizo, bila kupumua. Bi Semeni akasikia. Jogoo gani anawika hivi? Akapanda mlima mbio, panga mkononi. Akaona. Akapiga: pa! pa! pa!

Akampasua apate kuku wake. Hamkuwa na kuku. Mlikuwa na manyoya na mawe mawili meupe. Bi Semeni akalia. Halafu, mwanamke mwenye mali hatupi kitu, akaosha yale mawe mferejini, akarudisha moja kiotani kwa Madoa, na jingine akalisukuma chini ya Kishingo pamoja na mayai.

Jioni ile, chini ya kifua: ko, ko, ko.

"Hodi, mama."

Kishingo akanyamaza. Alishaapa kutomwitikia mtu.

"Hodi, mama."

Kimya.

"Hodi..." sauti imekuwa ndogo, inaondoka. Na mgeni akibisha mara tatu asijibiwe, anakwenda zake.

"Karibu!" Kishingo akapiga kelele, machozi yanamtoka. "Karibu, mwanangu! Karibuni wote!"

Ka! Ka! Ka! Wakatoka, wamelowa, kila mmoja na shingo yake tupu. Alifurahi, acheni tu.

Likabaki moja, la baridi. Na ndani yake, polepole, sauti ya Kibwenzi:

"Hodi, hodi, mwenzangu."

Vifaranga wakainua vichwa, wote kwa pamoja, wakafungua midomo waitike. Kishingo akawafunika upesi kwa mbawa, midomo yote, kimya. Mpaka leo ukungu ukipanda utaona kuku anafunika wanawe. Nyinyi mnasema ni baridi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa nzima, gawaneni. Ikiwa viza, nirudishieni mwenyewe nitaikalia.

Na funzo? Funzo ni moja: mtoto mwenye adabu akisikia hodi huitika "karibu" papo hapo, wala haulizi ni nani.

Haya, kuna mtu anabisha. Mwitikieni.