Mbegu Nyekundu ya Bibi

Paukwa, wadogo kwa wakubwa!

Pakawa, masikio yako wazi!

Hapo zamani za kale, Nguchiro alihamia mjini. Akaishi vizuri. Kitu kimoja tu alikikosa: chakula cha shambani kwao.

Aliyebaki kulima ni shangazi yake, Kobe. Kila kiangazi, baada ya mavuno, Shangazi alimpakia Punda kikapu: maboga, matango, mbaazi, mahindi. Nguchiro aliwaita majirani uani. Wakala, wakaimba, wakala tena.

Mwaka mmoja mchwa waliingia nyumbani kwa Shangazi. Kru, kru, kru! Akaogopa. Akampa Punda kikapu, na juu yake kishada cha mahindi mekundu, yaliyofungwa kwa maganda yake.

"Mwambie Nguchiro, kikapu ni cha kula. Kishada ni mbegu ya marehemu bibi, nyingine sina. Akitundike juu ya jiko, moshi ufukuze wadudu. Mvua ikikaribia nitakuja kuichukua."

Punda akafika, akasema yote. Nguchiro akakitundika kishada juu ya jiko.

Siku ya karamu wakaja Kunguru, Bata na jamaa zao. Nyam, nyam, nyam! Kikapu kikaisha jua lingali juu.

Kunguru akachungulia jikoni. "Jirani, umetuita kula au kunusa? Na mahindi yale je?"

"Yale ni mbegu."

"Mbegu! Mjini hapa utapanda wapi, juu ya bati?"

Wageni wakacheka, kwa, kwa, kwa! Nguchiro akaona haya. Akajisemea, "Hindi moja tu." Akalipukuchua, akakaanga. Pa! Pa! Likanukia. Akashusha la pili. Wageni wakapiga makofi. Akashusha yote.

Kiangazi kikafika mwisho, wingu la kwanza likaonekana. Kobe akaja polepole, jembe mgongoni.

"Hodi, mwanangu. Nimefuata mbegu."

Nguchiro akamkaribisha jikoni.

Kobe akainua shingo. Juu ya jiko ilining'inia kamba tupu.

"Iko wapi?"

"Shangazi... wageni walikuwa hawajashiba."

Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba. Akakaa humo, akakaa. Nguchiro akagonga, ngo, ngo!

"Shangazi! Nitanunua nyingine sokoni!"

Sauti ikatoka ndani. "Ya bibi inauzwa soko gani?"

Kisha kichwa kikatoka.

"Bibi aliipokea kwa mama yake. Mama yake kwa mama yake. Miaka ya njaa walilala bila kula, wasiiguse. Njaa haikuila, Nguchiro. Umeila wewe, umeshiba."

Akageuka, akaenda zake. Kiangazi kilichofuata majirani walikuja uani. Kikapu hakikuja. Na mahindi yale mekundu hayajaonekana tena, mjini wala shambani.

Basi wenzangu, anayekula vya shamba ailinde mbegu ya shamba. Na mwenyeji asione aibu kuwaambia wageni: chakula kimekwisha.

Hadithi yangu imeishia hapo, yalipoishia mahindi.