Hodi ya Mama Mbega

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Msitu!"

"Uko wapi?"

"Haupo!"

"Basi tulieni niwaambie ulikokwenda. Na wewe Mwajabu, ukinikatiza leo, nakwenda zangu kulala."

Hapo zamani za kale palikuwa na msitu wa mikuyu, na ndani ya msitu aliishi Mama Mbega na mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa mchanga, mweupe pe, maana watoto wa mbega huzaliwa weupe. Mbega hali nyama, hali ugali, haibi mahindi ya mtu. Mbega hula majani, basi. Majani ya mkuyu, yale machanga ya juu kabisa. Sasa kiumbe kama huyo anamsumbua nani?

Wakaja watu na mashoka. Wakakata mkuyu wa kwanza, Mama Mbega akahamia wa pili. Wakakata wa pili, akahamia wa tatu. Wakakata na wa tatu, akaanguka nao, mwanawe kamkumbatia kifuani. Hodi hawakupiga. Kutazama juu hawakutazama. Wakakata yote, wakajenga nyumba, na mji wenyewe wakauita Mikuyuni. Mikuyuni! Na mkuyu hata mmoja hamna!

Ngedere, binamu yake Mbega, akamwambia, "Dada, mjini ni kuingia dirishani tu. Unavuta mkate, unakimbia. Mimi ndivyo ninavyoishi."

"Mwanangu hali mkate," Mama Mbega akasema. "Na mimi sikulelewa kuingia kwa mtu bila hodi. Nitapiga hodi mara tatu. Ya tatu isipojibiwa, mwenye adabu hurudi alikotoka."

Ngedere akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya, nenda na adabu zako. Tutaonana."

Mama Mbega akaenda nyumba ya kwanza, akasimama mlangoni, akaimba:

*Hodi hodi, mwenye mji,*
*Mwanangu yuafa njaa,*
*Nipe jani, siyo uji,*
*Jani moja, nitakaa.*

Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya, na pazia analiona linachezacheza. Akaondoka. Nyumba ya pili, wimbo ule ule, na pazia likacheza vile vile. Akaondoka. Mtoto sasa halii tena, na mtoto wa njaa akiacha kulia, hapo ndipo mama huogopa.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Bwana Ngoda, mkubwa wa wenye mashoka. Ule mkuyu wa tatu aliuangusha yeye, kwa mkono wake. Lakini alijisifu mji mzima kwamba hakuna mtu wa kumshinda kwa adabu. Siku hiyo alikuwa anakula. Aliposikia hodi, akajibu bila kuinua uso, "Karibu! Karibu ndani!"

Wako wengi hawa. Mdomo unakaribisha, macho yako kwenye nyama.

Mama Mbega akaingia, akakaa mkekani. Bwana Ngoda akaruka. "Mnyama! Nani kamkaribisha mnyama nyumbani kwangu?"

"Wewe, mume wangu," mkewe Bi Siyawezi akasema. "Nimekusikia mimi, na majirani wamekusikia. Ukimfukuza mgeni uliyemkaribisha, kesho tutawatazama watu kwa uso gani?"

Bwana Ngoda akaketi tena. "Haya. Mpe wali."

Siku ya kwanza wakampa wali, mgeni hakula. Siku ya pili wakampa ugali na samaki, mgeni hakula. "Ana maringo huyu!" Bwana Ngoda akafoka.

"Maringo gani? Si anaimba kila siku kwamba anataka jani?" Bi Siyawezi akamchumia majani ya maua yake ya kwenye kopo. Yalikuwa machungu, mtoto akayatema. "Mume wangu, huyu mtoto atatufia humu ndani. Majani ya mkuyu tutayapata wapi?"

Bwana Ngoda akainuka, akaenda kulala. Aliyeimaliza mikuyu si ni yeye?

Siku ya tatu Bwana Ngoda akaamka anacheka. Akawaita majirani uani, akatoa jembe. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Haya mgeni, lima hapa uani kwangu. Na utakachopanda ni chako, hakuna atakayekigusa bila ruhusa yako." Alidhani mnyama akiona jembe atatimua mbio. Na akajiona mjanja!

Mama Mbega akalipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, bwana." Akalima. Kisha akaenda kwenye kuni za Bwana Ngoda, akavuta tawi la mkuyu ambalo bado lilikuwa na utomvu, akalipanda katikati ya ua. Akaliimbia wimbo wake. Tawi likachipua. Akaimba tena, likapita paa. Akaimba mara ya tatu, likawa mkuyu mzima wenye kivuli cha nyumba tatu.

Nini, Mwajabu? Limewezaje? Msitu mzima umetoweka hukuuliza umewezaje, tawi moja likichipua ndiyo unauliza!

Mama Mbega akapanda na mwanawe, akachuma jani changa, akalitafuna kidogo, akamtia kinywani. Mtoto akameza. Kisha akalia, anataka jingine. Bi Siyawezi kule chini naye akalia.

Haukupita muda, mizizi ikapasua sakafu ya Bwana Ngoda. Akatoka mbio na shoka lake.

"Mume wangu," Bi Siyawezi akamwita, "si uliwaambia watu hakuna wa kuugusa bila ruhusa yake? Piga hodi kwanza."

"Hodi? Uani kwangu mwenyewe? Nimpigie hodi mbega?"

Majirani walikuwa wameshajaa, wanamtazama mtu wa adabu atafanya nini.

Bwana Ngoda akatazama juu. Miti yote aliyoikata maishani mwake, ndiyo kwanza leo anatazama juu. "Hodi," akasema. Kimya. "Hodi!" Kimya. Majani yakachezacheza kama pazia. "Hodi jamani!"

Kimya.

Bwana Ngoda akashusha shoka, akarudi ndani.

Mmesikia? Ukimvunjia mwenzio nyumba, usishangae kumkuta mlangoni kwako. Na kabla hujainua shoka, tazama juu uone kuna nani. Nimeyasema haya mpaka mdomo umekauka, na shoka nalisikia hadi leo.

Ngano yangu imefika mwisho. Kama ni tamu, gawaneni wote. Kama ni chungu, niachieni niitafune mwenyewe.