Ndoo ya Nanzia

"Mwonea maji kijicho hutafuna makavu." Mmeisikia, mmecheka, na sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Basi ilitoka jikoni, tena jiko la shule, huko Upareni.

Namkunda alikuwa amewapikia wanafunzi makande kwa miaka kumi na mitano. Mahindi yake yaliingia kwenye sufuria makavu alfajiri, yakachemka mpaka jua la utosi. Kila mtoto alikuja na ukuni, na mwalimu wa zamu aliacha darasa kwenda kuchochea moto. Namkunda aliamini ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Kisha akaajiriwa Nanzia, mdogo kwake kwa umri na kwa maneno. Yeye aliloweka mahindi na maharage kwenye ndoo tangu jioni. Siku za zamu yake kuni zilipungua nusu, chakula kiliwahi, na walimu wakabaki na chaki zao mkononi. Mwalimu mkuu akamsifu mbele ya shule nzima. Namkunda, mlangoni mwa jiko, macho yalimwasha na wala hakuna aliyetwanga pilipili.

"Maji tu," alinung'unika. "Siku hizi mtu anasifiwa kwa maji."

Likaja kubwa zaidi. Kazi ilikuwa imepungua, mpishi mmoja angetosha. Ijumaa kamati ya shule ingeonja makande ya Nanzia. Wakiridhika, jiko lingekuwa lake.

Alhamisi jioni, Nanzia alipokwisha kuondoka, Namkunda aliyamwaga maji ya ile ndoo migombani, akaifunika vizuri, akaenda zake.

Saa nne asubuhi mwalimu mkuu akamfuata. "Mama, mtoto wa Nanzia ana homa, wako zahanati. Wageni utawapikia wewe. Kazi ndogo, ameshaloweka."

Namkunda akaitupia jicho ndoo iliyofunikwa. Angesema nini?

"Sawa, mwalimu."

Alichochea mpaka kuni za wiki nzima zikaisha. Saa saba wageni wakaketi, na kwa desturi yao mpishi hula bakuli la kwanza mbele ya watu. Akatia kijiko mdomoni. Kra. Akatafuna. Kra.

"Mama, hayo ni makande au kokoto?" mwenyekiti wa kamati akauliza.

Hapo Nanzia akaingia, mtoto mgongoni. Akatazama migombani, kuku wakidonoa punje zilizofuata maji. Akaelewa.

"Dada Namkunda," alisema taratibu, "mwonea maji kijicho hutafuna makavu. Maliza bakuli."

Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Namkunda naye alifuta yake, ila hayakuwa ya kicheko. Mwenyekiti alitaka aondoke siku ile ile.

"Mwacheni," Nanzia akasema. "Mgongo wangu hautoshi kuinua sufuria zile peke yangu. Ila kuloweka iwe kazi yake."

Na ikawa. Kila jioni, kwa miaka, Namkunda alichota maji yale yale aliyoyachukia na kuyamimina kwenye ndoo kwa mkono wake.

Kwa hiyo ninyi mnaonuna mwenzenu akimaliza kazi mapema, chungeni meno yenu. Mwonea maji kijicho hutafuna makavu.