Kiapo Alichokikataa Unaisa

Wamesimulia watu wa kale, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyopita, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, kando ya mto Dijla, aliishi mwanamke mchamungu aliyeitwa Unaisa. Kazi yake ilikuwa kusokota nyuzi za pamba. Unaisa alizaliwa utumwani, akaachwa huru angali mchanga kwa wasia wa bwana wake. Mama yake, Jumana, hakutajwa katika wasia ule. Yeye alirithiwa pamoja na nyumba na vyombo vya shaba, akapita mkono hadi mkono, mpaka akaishia kwa tajiri mmoja wa tende aliyeitwa Wahbu bin Salama.

Wahbu hakuwa mtu wa kupiga watumwa wake, wala hakuwa mtu wa kuwahurumia. Unaisa alipokuwa mtu mzima alimwendea na kumwomba amwandikie mama yake yale mapatano ambayo sheria imeyaruhusu, kwamba mtumwa ajikomboe kwa mafungu, na fungu la mwisho likishalipwa awe huru. Wahbu akakubali, akaweka sharti lake: fungu la mwisho liwe mkononi mwake kabla mwezi wa Rajabu wa mwaka ule waliokubaliana haujaisha. Likichelewa, mapatano yamevunjika, na yaliyokwisha kulipwa hayarudi.

Basi Unaisa akafunga mkanda. Alisokota mchana kutwa, akila mkate mkavu na chumvi, na siku nyingi akifunga saumu, ya sunna kwa nia na ya njaa kwa lazima. Jumana naye alikuwa amezeeka, kifua kinambana kila baridi inapoingia. Kila walipokutana siku ya Ijumaa nyuma ya ghala la Wahbu, mama humwuliza binti, "Imebaki nyingi?" na binti hujibu, "Imepungua, mama. Subira."

Watu wa soko la mji ule hawakuwa wakitembea na dirhamu zao. Waliziweka kwa sarafi, yaani yule mwenye kubadilisha na kutunza fedha za watu, kisha mnunuzi humpa muuzaji kipande cha hati, na muuzaji huenda kulipwa na sarafi. Unaisa aliziweka zake kwa Mikdamu bin Faraji, sarafi mwenye duka kubwa karibu na msikiti. Mikdamu alikuwa mtu wa safu ya kwanza katika sala, mwenye ndevu zilizotunzwa na maneno laini. Kila aliyeweka fedha kwake alitia muhuri chini ya masharti yaliyoandikwa kwa herufi za kubanana. Unaisa hakujua kusoma. Aliambiwa, "Ni desturi tu, bibi," akabonyeza kidole.

Majira ya baridi ya mwaka wa mwisho, kifua cha Jumana kikazidi. Unaisa akatoa hati kwa muuza asali, akanunua asali na habasoda. Katika haraka ile alisahau kwamba siku chache kabla alikuwa ametoa hati nyingine ya kulipia pamba. Muuza asali alipokwenda dukani, fedha za Unaisa zilipungua kwa nusu dirhamu. Mikdamu hakumrudisha yule muuzaji, wala hakutuma mtu kumwarifu Unaisa. Alilipa ile nusu kutoka mfukoni mwake, akamwandikia Unaisa dirhamu tano za adhabu. Kwa kuwa zile tano nazo zilikuwa deni, kila Ijumaa aliongeza nyingine. Unaisa akawa analeta malipo ya kazi yake na kuyaweka, akidhani yanajaa, kumbe kila alicholeta kilimezwa kabla hajafika nyumbani.

Rajabu ilipokaribia mwisho, akaenda kuchukua fungu la mwisho la uhuru wa mama yake.

Mikdamu akamtazama kwa upole, akasema, "Bibi, zilizobaki hazitoshi hata kununua kondoo."

Unaisa akadhani hakusikia vizuri. Akaelezwa habari ya nusu dirhamu na yote yaliyofuata.

Akasema, "Bwana wangu, nusu dirhamu ningekuletea siku ileile. Ungenitumia neno tu."

"Masharti uliyatilia kidole."

"Je, hii si riba, ewe Mikdamu?"

Uso wa sarafi ukabadilika. "Nakuomba usilitaje neno hilo dukani kwangu. Mimi sikukopesha wala sikudai nyongeza. Huu ni ujira wa usumbufu."

Unaisa akatoka. Jirani yake, mjane aliyeitwa Khaula, alimkuta njiani, akamketisha na kumsikiliza mpaka mwisho. Khaula alikuwa mwanamke mwerevu wa mambo ya dunia. Akasema, "Sikiliza, ndugu yangu. Mshitaki kwa kadhi, na mbele ya kadhi ukane kwamba fedha zako zilipungua. Shahidi wake ni muuza asali, na muuza asali ameondoka na msafara wa Sham. Asipokuwa na shahidi, kadhi atakutaka wewe uape. Utaapa neno moja, utapewa fedha zako, na mama yako atalala huru."

"Nami nijue kwamba zilipungua?"

"Kwa nusu dirhamu, Unaisa! Yeye amekula mali yako yote. Mola wako anajua nani mwizi."

Unaisa akaenda kumshitaki Mikdamu. Asubuhi iliyofuata walikuwa mbele ya kadhi, na mambo yakawa kama Khaula alivyosema. Kadhi akamwuliza Mikdamu kama ana shahidi, Mikdamu akasema shahidi wake yuko safarini. Ndipo kadhi akamgeukia Unaisa.

"Ewe mja wa Mwenyezi Mungu, huyu anadai kwamba ulitoa hati kupita kiasi cha fedha zako. Ukikana, utaapa, na kesi itakwisha hapa. Ukikiri, basi kuna masharti kati yenu, nami sina budi kuyasoma na kushauriana na wanavyuoni kabla ya kuhukumu."

Unaisa akauliza, "Nikiapa, nitapewa fedha zangu lini?"

"Sasa hivi."

"Na nikikiri?"

"Sijui. Baada ya siku kadhaa, huenda baada ya mwezi."

Waliokuwa nyuma wakaanza kunong'ona. Khaula, aliyekaa upande wa wanawake, alimwonyesha ishara ya mkono, kama mtu anayemsukuma mtoto mlangoni. Unaisa akasema, machozi yakimtiririka, "Ewe kadhi wa Waislamu, zilipungua. Nusu dirhamu. Nilisahau hati ya pamba."

Kadhi akainamisha kichwa, kisha akamwombea heri na kuahirisha kesi.

Siku zile zile Unaisa alimwendea Wahbu bin Salama na kumsihi amwongezee muda. Wahbu akasema, "Sharti ni sharti. Nikimlegezea mmoja, wote watakuja." Mwezi ukaandama, Shaabani ikaingia, na mapatano yakavunjika. Jumana akarudi kuwa mtumwa kamili kama alivyokuwa, na miaka yote ile ya mkate mkavu ikawa ya Wahbu.

Ijumaa ilipofika, Unaisa alikwenda nyuma ya ghala. Hakumkuta mama yake pale. Akaruhusiwa kuingia ndani, akamkuta amelala juu ya magunia, pumzi inakwaruza. Pembeni yake alikaa mjakazi mwenzake aliyeitwa Sabiha, akimkanda mgongo.

Unaisa akapiga magoti, akamweleza mama yake kila kitu, hakuficha hata yale aliyoambiwa na Khaula. Alipofika penye kiapo, akasema, "Neno moja tu, mama. Ningelisema, saa hii ungekuwa nyumbani kwangu. Nimekufunga mimi."

Jumana akakohoa, akangoja pumzi irudi. "Ungeapa kwa jina la nani?"

"Kwa jina la Mwenyezi Mungu."

"Na mimi usiku na mchana namwita Yeye. Ningekaa katika nyumba niliyoletwa kwa uongo uliotiwa jina lake, nikamwita kwa uso gani?" Akamshika binti yake mkono. "Usilie hivyo. Umenichosha." Kisha akaomba maji.

Akafa siku chache baadaye, Sabiha akamfumba macho. Na kwa kuwa alikufa mtumwa, hakuwa na chake. Msala wake na shuka yake vilikuwa mali ya Wahbu, na Unaisa alilazimika kuomba ruhusa hata ya mahali pa kumzika. Wahbu akaruhusu. Unaisa akamwosha mama yake, akamkafini kwa pamba aliyoisokota mwenyewe, na watu wachache wakamsalia.

Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka kadhi alipotoa hukumu. Alisema mbele ya watu kwamba ongezeko juu ya deni kwa sababu ya muda ni riba, hata likipewa jina gani, na kwamba mwenye amana anayeona fedha za mtu zimepungua anapaswa kumwarifu. Akaamuru Mikdamu amrudishie Unaisa kila alichomkata, atoe humo nusu dirhamu yake tu. Tena, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa limefika mbele yake likiwa wazi, limekiriwa na Unaisa mwenyewe, akaamuru masarafi wote wa soko warudishe walichowatoza watu kwa njia ile. Wachukuzi wa mizigo, wajane, na wauza mboga walirudishiwa fedha ambazo walikuwa wameshazikatia tamaa. Unaisa angeapa siku ile, kesi ingekwisha yake peke yake, na masharti yale yasingesomwa na mtu.

Walikuja kumshukuru mlangoni. Aliwapokea kwa heshima, akawaitikia dua zao, lakini wanasema hakuna aliyemwona akitabasamu. Fedha zake alizipeleka kwa Wahbu, akamkomboa Sabiha.

Baada ya muda Mikdamu bin Faraji akaja. Alikuwa amekonda, na safu ya kwanza msikitini alikuwa ameiacha. Akasimama nje, hakuthubutu kukaa.

Akasema, "Kwa nini hukuapa? Nilipoingia kwa kadhi nilijua nimeshindwa."

"Kwa sababu zilipungua kweli."

Mikdamu akalia. "Nisamehe, ewe Unaisa. Nimerudisha mali za watu wote, na bado silali."

Unaisa akasema, "Fedha zangu nimekusamehe. Na njaa niliyokaa nayo nimekusamehe. Mwenyezi Mungu ni shahidi wangu, sina kinyongo nawe."

"Na Jumana?"

Unaisa akasema kwa sauti ndogo, "Jumana alikufa mtumwa, bwana wangu, na mtumwa harithiwi na mtoto wake. Hakuniachia kitu, wala haki yake ya kusamehe hakuniachia. Ningekuwa nayo ningekupa."

Mikdamu akarudi alikotoka. Inasemekana alitumia mali yake iliyobaki kukomboa watumwa, na kwamba kila alipomkomboa mmoja aliuliza jina la mama yake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, kisa hiki hatukisimulii ili tuseme kwamba mkweli hulipwa hapa hapa. Unaisa alisema kweli, akamzika mama yake katika utumwa, na thawabu yake iko kwa Mola wake. Lakini sisi tunaoshika amana za wanyonge, tunaowawekea masharti wasiyoweza kuyasoma na kungoja wateleze, tujue kwamba toba ya haki za watu hupita mikononi mwa wenyewe, na wenyewe hufa. Tuwaendee wangali hai. Mola atuwezeshe, na amrehemu Jumana.