Ubao wa Mama Anthusa

Wametuhadithia waliotutangulia kwamba zama zile Kaisari alipopiga marufuku sura takatifu, yaani picha za Bwana na za watakatifu wake, aliishi pangoni, katika milima ya Kapadokia, mtawa mkongwe aitwaye Mama Anthusa, Mungu amrehemu. Ukutani alikuwa na ubao uliochorwa uso wa Bwana Yesu. Desturi ya wakaa pweke wa pango lile ilikuwa kuubusu kila alfajiri, na midomo ya wote waliopita pale ilikuwa imeufuta uso hata ukabaki mti mtupu, mweusi kwa moshi wa taa. Nchi nzima iligombana kwa ajili ya rangi, naye maskini rangi hakuwa nayo tena.

Akafika Varda, mkuu wa kikosi, pamoja na askari wake. Amri ilikuwa wazi: sura ichomwe, na mwenye nayo afukuzwe. Yalikuwa majira ya theluji, na magoti ya Mama Anthusa yalikwisha kitambo. Kwake yeye, kufukuzwa kulikuwa ni kufa.

Varda naye alikuwa hoi, maana tangu asubuhi alikuwa akiwatoa wazee mapangoni. Akautazama ubao, asione kitu. Akashusha pumzi.

"Mama, huu ni ubao tu, sivyo? Sema ndiyo, niende zangu."

Tusimpambe Mama Anthusa: alitamani sana kusema ndiyo. Alikuwa mzee, alisikia baridi, na neno lenyewe lilikuwa dogo.

"Mwanangu, hii ni sura ya Bwana wangu."

"Mbona siioni?"

"Tumeimaliza kwa kuibusu."

Varda akakasirika. "Mdomo huponza kichwa, mama! Ungesema ni ubao, ningekuachia."

"Ungeniachia ubao," akajibu taratibu. "Nami ubao ningeufanyia ibada gani?"

Ukachomwa pale mlangoni. Askari wakanyoosha mikono waote moto, na Mama Anthusa akasogea akaota pamoja nao, kwani hakuona haya kupashwa joto na Bwana wake. Kisha akashika fimbo, akateremka mlima. Habari zake za baadaye hazikutufikia.

Ndugu zangu, wachache wetu wataikana imani kwa kuogopa upanga. Wengi tunaikana kwa sababu tumechoka, na tunataka mgeni aondoke. Mama Anthusa alichoka kuliko sisi sote, na bado akasema kweli.